Chombo cha Mikokoni

Sipendi mtu anayeuliza swali ambalo jibu lake liko wazi. Ndiyo maana Afisa Masudi aliponipigia simu kutoka Mikokoni, huko pwani, akaniambia kwamba halmashauri yao imejenga makao mapya na kikao kimepitisha mbele ya mlango mkuu kisimame chombo kikubwa, sikumwuliza chombo gani. Nilijua. Yeye naye alijua. Hakuna kati yetu aliyekuwa na shaka hata chembe, na hapo ndipo mkasa ulipoanzia.

Ngoja nijieleze. Naitwa Loisi, Mgogo wa Chamwino niliyeolewa Msalato. Mama yangu ni mfinyanzi, na mume wangu, Mazengo, anachoma matofali. Mimi nilichukua ufundi wa mama nikaupeleka kwenye tanuri la mume, nikaanza kutengeneza sanamu: mbuzi, ng'ombe, kanga wenye madoadoa yao. Wakati huo Dodoma ilikuwa inajengeka kwa fujo. Kila ukigeuza shingo unaona ghorofa jipya la serikali, kila ghorofa lina ua, na kila ua una mahali patupu panapongojea kitu. Nikawa na ndoto moja tu maishani, wala siionei haya: kazi yangu isimame mbele ya ofisi ya serikali, mchana kweupe, na jina langu liwe chini yake.

Nilibisha hodi hadi vifundo vya vidole vikaota sugu. Kila mahali niliambiwa tutakupigia. Ofisi moja, ambayo siitaji kwa heshima ya walinzi wake walionipa maji ya kunywa, ilichukua kanga wangu ikawaweka nyuma, karibu na matangi ya maji machafu, halafu mbele ikasimamisha twiga wa fibaglasi aliyeshushwa kutoka kwenye kontena. Twiga, Dodoma. Alikuwa na kope ndefu kama bibi harusi. Nilikasirika mpaka nikaacha kupita barabara ile, na Mazengo akajifunza kuzunguka na pikipiki bila kuulizwa.

Kwa hiyo mnaweza kufikiria moyo wangu ulivyodunda Masudi aliposema Mikokoni. Alikuwa amewaona ng'ombe wangu kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, akawasifu mbele ya kikao chao, na kikao kikakubali nipewe kazi. Nilimwuliza yale ya maana tu. Kiwe kikubwa kiasi gani? Akasema mtu akisimama kando yake ajione mdogo. Kiwe na umbo gani? La kale, akasema, lenye tumbo pana, si hivi vyembamba vya siku hizi. Nikampenda palepale, maana hata mimi vyembamba vya siku hizi vinaniudhi. Akaongeza kwamba wazee wametilia mkazo jambo moja: kisionekane kama chombo kinachovuja, watu wasije wakawacheka. Nikamwambia kwetu chombo kinachovuja hakivuki kizingiti.

"Dada Loisi," akaniambia kabla ya kukata simu, na sauti yake ilikuwa nzito, "sisi watu wa Mikokoni tumelelewa na chombo."

Nikamjibu kwamba hata sisi.

Lazima niwaambie habari ya neno hilo nyumbani kwetu, msije mkaniona mjinga. Mama yangu ana mwiko wake wa kazi. Udongo ambao haujapita motoni hauruhusiwi kuitwa mtungi wala chungu wala bakuli. Unaitwa chombo, basi. Hupewa jina lake baada ya kutoka motoni ukiwa mzima, ukatiwa maji usivuje. Nimelisikia neno chombo tangu nikiwa mgongoni kwa mama, na kila mara lilikuwa na udongo ndani yake. Vitu vya baharini nilivisoma shuleni, na kitabuni viliitwa jahazi, mashua na meli. Bahari yenyewe sijaiona.

Tulianza kazi mvua zilipokatika. Mazengo alipinda nondo akazipanga ziwe mifupa ya tumbo, na kwa vile zilikuwa ndefu tukazilaza chini wakati wa kuziunganisha. Masudi akaomba picha ya maendeleo. Nikampigia picha ya nondo zile zimelala ubavu. Akarudisha ujumbe wa sauti, akicheka kwa furaha: mashaallah, mbavu zimekaa kama walivyokuwa wakizipanga mababu zake. Nilimsikilizisha Mazengo ujumbe ule mara tatu. Tulidhani mababu zake walikuwa wafinyanzi.

Ngozi ya chombo niliifinyanga kwa vipande vipana, nikavisugua kwa kokoto hadi vikang'aa, tukavichoma kimoja kimoja kwenye tanuri la matofali na kuvipachika juu ya nondo kwa saruji. Mama alikuja kutoka Chamwino mara mbili kukagua. Si mtu wa sifa. Alizunguka, akagonga kipande kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akauliza swali lake la miaka yote: "Kimevuja?" Nikamwambia bado hakijaguswa na maji. Akasema basi hana la kusema, akaomba arudishwe kituoni.

Kilipokamilika kilimzidi Mazengo kimo, na Mazengo ni mrefu. Kilikuwa na tumbo la kutosha familia nzima, shingo iliyobanwa vizuri, na midomo iliyogeuka nje kidogo. Jioni ya siku tuliyomaliza nilikiegemea, nikalia. Nasema hivyo bila kuficha kwa sababu nilijua nimefanya kazi nzuri, na mtu akifanya kazi nzuri ana haki ya kulia.

Jina langu niliandika chini kabisa kwenye kitako, herufi ndogo. Sikutaka kujipa makuu kabla hawajakipokea.

Viongozi wa Mikokoni walikuwa na shughuli za bajeti hapa Dodoma mwezi Juni, ikaamuliwa wapitie Msalato wakikague ndipo kipakiwe. Walikuja watatu, kamati yenyewe, na gari la halmashauri likiwa limepakwa vumbi letu mpaka madirishani. Mwenyekiti wao, Mzee Abdulwahab, alishuka amevaa koti juu ya koti, maana upepo wetu wa Juni hauwahurumii watu wa pwani. Alikuwa nahodha kabla ya kuingia kwenye siasa, na mpaka leo kule wanamwita Nahodha. Nyuma yake alikuja diwani Bi Joha, mama mnene mwenye macho ya kuchungulia kila kitu, amejifunga kanga kichwani. Masudi alikuwa kijana kuliko sauti yake.

Niliwaamkia wazee shikamoo, wakaitikia marahaba, nikawapa viti, wakaomba kazi kwanza na chai baadaye. Mazengo akavuta turubai.

Masudi akatabasamu, akasogea, akazunguka nyuma ya mtungi wangu, akatokea upande wa pili. Akaangalia kwenye banda la matofali. Akanirudia.

"Kizuri sana hiki," akasema kwa adabu. "Na chombo chetu kiko wapi?"

Nilidhani anatania. Nikamwonyesha kwa mkono. Akatazama mkono wangu, kisha akatazama mtungi.

"Loisi," akasema polepole, "chombo. Chombo cha baharini. Jahazi."

"Ungesema jahazi."

"Kwetu ukisema chombo hakuna mtu anayeuliza."

"Kwetu pia hakuna mtu anayeuliza," nikamwambia.

Nikaona yote kwa pamoja: mbavu, tumbo pana, kisivuje, tumelelewa na chombo. Mazengo aliketi juu ya rundo la matofali akashika kichwa. Mimi sikufikiria kingine ila twiga. Nilimwona na kope zake, na jahazi la fibaglasi likishushwa Mikokoni kutoka kwenye kontena, na mtungi wangu ukibaki Msalato kuotesha nyasi mdomoni.

Mzee Abdulwahab hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu kama angepandisha. Alinipa pole kwa jasho langu, akamwambia Masudi watazungumza kwenye gari, kisha akanieleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto kwamba hiki alichokiona ni kitu kizuri lakini si chombo. Chombo ni kile kinachoelea. Akajivutia koti, akageuka kwenda zake.

Sasa, mimi nina hasira. Mama alinionya tangu utotoni, na Mazengo amenizoea. Kama yule mzee angesema kazi ni mbaya ningenyamaza. Lakini aliposema si chombo, kitu kilinipanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio. Ndani kwangu kulikuwa na mtungi wa mama, ule alionikabidhi nilipoolewa, ndio niliouiga kwa kila mkunjo. Niliingia nikautoa, nikaupitisha mbele ya watu wote wale nikiwa nimeukumbatia, nikaenda mpaka kwenye tangi la saruji tunalohifadhia maji ya kazi.

Mazengo akanifuata mbio. "Mama Elieth, unafanya nini?"

Sikujua ninafanya nini. Sisi tunatia maji ndani ya chombo, hatutii chombo ndani ya maji. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kujaribu. Kama ungezama ungejigonga kwenye saruji ukapasuka, na ningekuwa na la kumweleza mama. Nikauweka juu ya maji, nikauachia.

Ukalala ubavu. Nikasikia Mazengo akivuta pumzi. Midomo ya mtungi ikagusa maji, ukanywa funda moja, ukanywa la pili, halafu ukajiinua wenyewe taratibu, ukasimama wima katikati ya tangi. Upepo wa Msalato ukausukuma mpaka ukingo wa pili, ukagonga, ukarudi.

Nahodha alikuwa amefika kwenye mlango wa gari. Alirudi bila kuitwa. Akasimama kwenye ukingo wa tangi, mikono nyuma, akautazama mtungi ule kwa namna ambayo hakuutazama ule mkubwa.

"Umejitilia farumi," akasema.

Nikamwuliza farumi ni nini. Akanieleza bila kuondoa macho majini. Jahazi tupu hupinduka, akasema, kwa hiyo hutiwa uzito chini, mawe au mchanga, ndipo lisimame sawa na upepo. Uzito huo ndio farumi. Alifundisha mabaharia wengi kupakia farumi, na wapo waliokufa bila kujua kipimo chake. "Huu umejipimia wenyewe," akasema. Akainama, akausukuma kwa kidole upande mmoja, akauona unarudi kusimama. Akausukuma tena. Nina hakika kama tusingekuwepo angekaa pale akiuchezea mpaka magharibi.

Lakini mzee ni mzee, na mwenyekiti ni mwenyekiti. Akajinyoosha, akakohoa, akasema ni kweli umeelea, hawezi kukana alichokiona. Tatizo ni kikao. Kikao kilipitisha chombo na kila mtu aliyeinua mkono alikuwa na jahazi kichwani. Atawaambiaje watu?

"Mimi sikuwa na jahazi," akasema Bi Joha.

Tukamgeukia wote. Tangu turubai livutwe alikuwa hajasema lolote, amekaa kwenye kiti changu cha plastiki akiitazama ile midomo iliyogeuka nje.

"Niliposikia chombo," akaendelea, "nilijua ni mtungi. Nikainua mkono."

Hakuna aliyemwamini. Masudi alimwuliza, kwa heshima zote, kama kweli alifikiri mtungi, wakati mjadala mzima ulikuwa wa mlingoti na tanga. Bi Joha akamwangalia mpaka akashusha macho.

"Mliniuliza ninafikiri nini? Mlisema chombo, nikaunga mkono chombo. Na wanawake wenzangu waliokuwepo, kawaulize. Kabla hamjafika nitakuwa nimeshawapigia simu, watakwambia walifikiri mtungi vilevile."

Nahodha akataka kucheka akajizuia. Bi Joha hakuwa anacheka. Alisema jahazi Mikokoni limechorwa kwenye lango la sekondari, liko kwenye fulana za timu ya mpira, liko kwenye ukuta wa zahanati, na hata bucha ya Geofrey ina jahazi, sijui nyama ya ng'ombe inakwenda wapi nalo. Yeye ana wajukuu na hajapanda jahazi hata siku moja. Alichopanda ni kilima. Visima vyao vilikuwa na chumvi, maji ya kunywa waliyafuata bondeni wakayaleta kichwani, na shingo yake inamuuma mpaka leo wakati wa baridi. Kisha akamgeukia mwenyekiti wake.

"Nahodha, uliwahi kung'oa nanga bila mtungi wa maji ndani ya chombo?"

"Hata mara moja."

"Nani aliujaza?"

Mzee Abdulwahab aligeuka kutazama tangi. Upepo ukapiga turubai, mtungi wa mama ukagonga ukingo wa tangi, ukarudi.

"Mama," akasema.

Akatoka pale akaenda kwenye mtungi mkubwa. Safari hii aliutazama. Akauwekea kiganja tumboni, akakipandisha taratibu kuelekea shingoni mpaka alipoweza kufika, na niliona anaona nondo za Mazengo chini ya udongo wangu, kila ubavu mahali pake. Akamwuliza Mazengo tumeuzuiaje usipasuke kwa jua, Mazengo akamweleza, wakaelewana kwa lugha ya mafundi. Halafu akaniita.

"Jina lako liko wapi?"

Nikapiga magoti nikamwonyesha kule chini. Akainama, akakunja uso, akasema haoni kitu.

"Andika kubwa," akasema. "Kikivuja nitamlaumu nani?"

Ndipo tulipocheka, wote, mpaka Masudi aliyekuwa amekwisha kujiona hana kazi. Chai ilinywewa yote na karanga zikaisha. Bi Joha aliomba nimfinyangie mdogo wa nyumbani kwake, na nikaanza kuufinyanga kabla vumbi la gari lao halijatulia.

Nilitengeneza kibao kipana cha udongo, nikachora jina langu kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho angezisoma: LOISI, CHAMWINO. Mazengo aliuliza kama Msalato nayo isingetajwa, nikamwambia Msalato ndiyo iliyochoma, itajitaja yenyewe. Lameck, dereva wa lori, aliupakia mtungi kwenye mchanga na magunia ya pumba. Alipouliza amebeba nini ili ajue la kusema wakimsimamisha kwenye mizani, nilimwambia aseme amebeba chombo. Akaondoka bila kuuliza zaidi. Ni mtu wa Kondoa, bara kama sisi.

Siku waliyoufunua nilikuwa nimekaa na simu mapajani tangu asubuhi. Ililia baada ya swala ya adhuhuri. Nyuma kulikuwa na ngoma na vigelegele, ilibidi mzee apaze sauti.

"Mwanangu," akasema Mzee Abdulwahab, "chombo kimetia nanga."

Masudi akamnyang'anya simu, akanisimulia kwamba wanawake walikuja na maji ya kisima kipya cha bondeni, kila mmoja na ndoo yake, wakapanda ngazi wakayamimina ndani mpaka yakafika shingoni, na sasa watu wamepanga foleni kunywa. Picha zilianza kuingia moja baada ya nyingine. Mbele ya jengo jeupe la serikali, mchana kweupe, kwenye jua la nchi nisiyoijua, ulisimama udongo wa Chamwino, na jina lilisomeka.

Wiki hiyohiyo ile ofisi ya twiga ilinipigia. Walikuwa wameona picha. Wanaomba niwatengenezee kitu cha mbele. Niliwaambia kitu ni neno pana sana, waje Msalato wanieleze kwa mdomo wao, na wakija waje na kanga wangu. Walikuja nao wameoshwa.

Lakini kabla ya hapo, siku ileile ya ngoma, nilipanda gari nikaenda Chamwino. Nilimkuta mama uani akipepeta uwele. Sikusubiri hata kukaa, nikamwonyesha picha zote, ya jengo, ya ndoo, ya foleni, ya jina. Alizitazama akiwa ameishika simu mbali na macho, kama kawaida yake, kisha akauliza.

"Kimevuja?"

"Kimejaa mpaka shingoni, mama. Hakijavuja hata tone."

Akaweka ungo chini. Akanitazama mimi, si simu, na uso wake ukafunguka nikaona meno yake yote yaliyobaki.

"Basi kipe jina lake," akasema.

Nikamwambia wenyewe wameshakipa. Mikokoni nzima, wanaume na wanawake, wanakiita Chombo.